Ukisafiri na Lenzi Moja, Chukua Inayokulazimisha Kupiga Hodi

Likizo ikikaribia, kwenye magrupu ya wapiga picha wa chuo huibuka swali lilelile. "Wakuu, nina hela ya lenzi moja tu na nasafiri. Nichukue ipi itakayonifaa kila mahali?" Majibu nayo ni yaleyale. Mmoja anasema chukua 18-200, umalize kazi. Wa pili anasema hapana, chukua 50 ya bei poa, wote tunaanzia hapo. Wa tatu anaandika kwamba kamera si kitu, cha msingi ni jicho, halafu haonekani tena. Aliyeuliza anabaki palepale alipokuwa, na bumu nalo linazidi kupungua.

Mimi nina upande katika ubishi huu, na nautaja mapema ili nisimzungushe mtu. Kwa mwanachuo anayesafiri hapa kwetu, lenzi moja ya kubeba ni fupi, nyepesi, isiyovuta, na inayopitisha mwanga mwingi. Mwenye Canon ya sensa ndogo namshauri milimita 24. Mwenye Nikon ya sensa ndogo, milimita 35. Zile zumu ndefu zinazoanzia 18 hadi 200, au hata 400, zinasifiwa kuwa ni "za kila kitu", lakini sifa hiyo ni ya muuzaji. Sababu zangu ni tatu: mwanga, nafasi na adabu. Hiyo ya tatu naiona nzito kuliko mbili za kwanza zikijumlishwa.

Safari zetu ni zipi hasa?

Ushauri mwingi wa lenzi ya safari umeandikwa kwa ajili ya mtalii. Mtu huyo anashuka uwanja wa ndege, ana siku kumi, anataka tembo, mlima na machweo, na huenda asirudi tena maishani. Kwake ni haki kubeba lenzi itakayonasa kila kinachopita, cha mbali na cha karibu, maana hana siku ya pili.

Sasa tujiangalie sisi. Tunapanda basi kwenda Songea, Bukoba au Kigoma, begi likiwa mapajani. Tunapanda treni ya SGR hadi Dodoma kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Tunavuka kwa boti kwenda Unguja kwenye harusi ya rafiki. Tunachanga nauli watu sita kwenda Bagamoyo wikiendi na kurudi jioni. Na tukifika, tunachokikuta ni jiko la bibi lenye moshi, sebule yenye taa moja, mnada, mafundi wa boti, watoto wanaotaka kujua hicho kidude ni nini, na wazee wanaouliza wewe ni mtoto wa nani. Vitu hivi viko karibu, na vingi vyake viko kwenye mwanga hafifu.

Kuna wazee wengi ambao picha yao pekee ya miaka hii ni ile ya kitambulisho cha NIDA, na wenyewe hawaipendi. Mjukuu mwenye kamera anaporudi nyumbani likizo, ndiye mpiga picha pekee ambaye mzee huyo ataketi mbele yake bila haraka. Kwa hiyo hapa hatubishani kuhusu vifaa tu. Lenzi utakayoibeba ndiyo itakayoamua kama picha ya bibi itapatikana au itatoka giza na ukungu.

Kwanza, mwanga

Namba ya f iliyoandikwa mbele ya lenzi inakuambia tundu la kupitishia mwanga linafunguka kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya Canon EF-S 18-200 inaanza na f/3.5, lakini kadiri unavyovuta ndivyo tundu linavyopungua, na mwisho wake ni f/5.6. Nikon DX 35 ina f/1.8. Ukipiga hesabu, f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Ile Canon ya 24 ina f/2.8, yaani mara nne ya f/5.6.

Mara kumi si maneno ya kupamba tangazo. Chukua mfano wa Forodhani usiku, muuza urojo anapakua chini ya taa yake. Tuseme kwa f/1.8 unapata picha kwa kasi ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa f/5.6, bila kubadilisha kitu kingine, utahitaji sehemu moja ya kumi. Kwa muda huo mkono wake utakuwa umeshatoka kwenye sufuria hadi kwenye bakuli, na kwenye picha utaonekana kama moshi. Ukitaka kurudisha kasi ile, itabidi upandishe ISO mara kumi, na picha ijae chengachenga.

Hapo muuzaji atakwambia lenzi yake ina kizuia mtikisiko. Ni kweli inacho, na kinasaidia sana, ila kinazuia mtikisiko wa mikono yako wewe. Hakimzuii muuza urojo asisogee. Kwenye magofu ya Kaole au ukuta wenye michoro ya Kondoa kitakufaa, kwa sababu mawe yametulia. Kwa watu, dawa ni tundu kubwa.

Pili, nafasi na uzito

Milimita zikiwa nyingi, unalazimika kurudi nyuma. Hii ni hesabu ya kawaida. Ukitaka kumpiga mtu mzima aliyesimama, kichwa hadi miguu, kwa Canon ya sensa ndogo iliyosimamishwa wima, lenzi ya mm 24 inakutaka usimame kama mita 2 na kidogo. Lenzi ya mm 50 inakutaka mita 4 na nusu. Ukiwa kwenye mm 200, unahitaji mita 18.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kundi la "chukua 50". Lenzi ile ni nzuri, ni ya bei ndogo, na kwa picha za mahafali pale uwanjani haina mpinzani. Lakini sensa ndogo ya Canon inafanya mm 50 ionekane kama mm 80 za kamera ya filamu. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ukirudi nyuma mita 4 na nusu mgongo umeshagonga mlango wa watu. Kwenye chumba cha hosteli, jikoni au ndani ya daladala, haiwezekani kabisa. Utapata nyuso nyingi, na hakuna hata moja itakayoonyesha ulikuwa wapi. Picha ya safari isiyoonyesha mahali, hiyo ungeweza kuipiga kantini.

Uzito nao una la kusema. Canon 18-200 ina gramu 595. Ile ya 24 ina gramu 125, na unene wake haufiki sentimita 2 na nusu. Tofauti ya hizo mbili ni karibu chupa ya maji ya nusu lita, inayoning'inia shingoni siku nzima. Kamera nzito huwa inaishia kwenye begi, na kamera iliyo kwenye begi haipigi picha. Tena lenzi kubwa inawaita vibaka stendi hata kabla hujashuka kwenye basi, wakati kamera yenye lenzi bapa inaingia kwenye mfuko wa kawaida ikapotea humo.

Kuna jambo lingine dogo ambalo watu hawalitazami wakati wa kununua: lenzi inaweza kukaribia kitu kiasi gani kabla haijagoma. Ile ya 24 inakubali hadi sentimita 16. Ile 18-200 inataka sentimita 45. Kwa michongo ya milango ya Unguja, mikono ya msusi wa mikeka, au sahani ya chakula mbele yako, tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza.

Tatu, adabu

Rudi kwenye ile hesabu ya mita. Mtu aliye mita 18 kutoka kwako hajui kama unampiga yeye au mwembe ulio nyuma yake. Hujamsalimia. Hajui jina lako, na wewe hujui lake. Umechukua uso wake na kuondoka nao, na jioni upo Instagram ukiwa na maneno juu ya "maisha ya kijijini". Tumewalalamikia watalii kwa mchezo huu miaka nenda rudi: kumvuta Mmasai kutoka dirishani mwa gari, kumvizia mama anayechota maji. Basi ikiwa mwanachuo wa hapahapa, anayejua kusema shikamoo na kuitikiwa marahaba, anafanya vilevile, yeye ana udhuru gani?

Mtu aliye mita 2 na kidogo hawezi kuibiwa uso kirahisi. Lazima umsalimie. Lazima ueleze wewe ni nani, unatoka wapi, picha ni ya nini. Atakwambia ngoja nivae kilemba, au piga, au atakwambia sitaki, na ukishaambiwa sitaki imekwisha hiyo. Lenzi fupi inakulazimisha kupiga hodi, na mpiga hodi husubiri aambiwe karibu. Zumu ndefu ni kuchungulia dirishani.

Wapo watakaosema nakuza mambo, kwamba mtu akijua anapigwa picha anakakamaa na uhalisia unapotea. Ni kweli kwa dakika mbili za kwanza. Anakakamaa, ananyoosha mgongo, anakunja uso kama yupo NIDA. Kisha mnaendelea na stori, anarudi kwenye kazi yake, samaki wanaendelea kuparuliwa, na hapo ndipo picha yenyewe inapoanza. Anayevizia kutoka mbali hazipati dakika hizo za baadaye, kwa sababu hakuwepo kwenye mazungumzo.

Sisemi kwamba lenzi fupi humfanya mtu awe na adabu. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyezunguka India, China na Indonesia mwishoni mwa miaka ya 1940, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kamera ndogo ya Leica na lenzi moja ya mm 50. Alikuwa karibu na watu, ila alisifika kwa kupiga bila kuonekana, si kwa kuomba ruhusa. Ukaribu peke yake si heshima. Kazi yake inathibitisha nusu moja ya hoja yangu, kwamba lenzi moja isiyovuta inatosha kuzunguka nayo bara zima. Nusu ya pili, ile ya salamu, tunaileta sisi kutoka nyumbani.

Wanaobisha

Hoja ya kwanza ni wanyama. Barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na kila mwenye kamera huota kumpiga simba kutoka kwenye basi. Mtu wangu, jiulize utakwenda kwa ajili ya wanyama mara ngapi katika miaka yako mitatu au minne ya chuo. Kama jibu ni mara moja, azima au kodi lenzi ndefu kwa siku hiyo. Kununua lenzi ya kila siku kwa ajili ya siku moja ni sawa na kununua gunia la mchele kwa sababu ya mgeni wa usiku mmoja. Na kwa ndege wadogo hata hiyo mm 200 utaiona fupi.

Hoja ya pili ni mandhari na majengo. Utasema mm 24 kwenye sensa ndogo ni sawa na kama mm 38, haitaingiza jengo zima wala uwanda wote. Sawa, lakini mfukoni una nini? Kamera kuu ya simu nyingi za leo huona kwa upana wa kama mm 24 hadi 28 za filamu. Hiyo ni lenzi pana ya bure, na mchana wa jua inafanya kazi safi. Kamera ifanye kile ambacho simu inashindwa. Kwa upande wa kuvuta, picha ya megapikseli 24 ukiikata upana wake nusu na urefu wake nusu, unabaki na megapikseli 6, na hizo zinatosha kuchapisha picha ya ukutani ya wastani, achilia mbali Instagram.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi, na wanaoitoa ni wasichana. Wanasema kumsogelea mwanamume usiyemjua sokoni na kuanza kumsalimia si jambo jepesi kwa binti kama lilivyo kwa kijana wa kiume. Salamu moja inageuzwa kuwa mwaliko, na mita 18 ni usalama. Siikatai hoja hii. Ninachoongeza ni kwamba usalama wa kweli ni kutembea na mwenzako na kuwa na uhuru wa kuacha picha ipite, kuliko urefu wa lenzi. Tena binti mwenye lenzi fupi anafunguliwa milango ambayo sisi wanaume hatufiki: jikoni, uani, chumba cha bibi harusi, kwa msusi. Na hizo ndizo sehemu ambazo zumu ndefu haina kazi. Ila anayeona anahitaji umbali zaidi, achukue mm 35 au 50 bila kuomba radhi kwa mtu.

Kabla hujatoa hela

Kama kamera yako ilikuja na 18-55, usinunue kitu bado. Fungua picha zako mia za mwisho ulizozipenda, tazama sehemu ya taarifa za kila picha, na uandike ilipigwa kwa milimita ngapi. Ukikuta nyingi zipo kati ya 18 na 35, umeshapata jibu, na limetoka kwako mwenyewe. Kisha chukua gundi ya karatasi, bana pete ya kuvutia kwenye 24 au 35, na utembee hivyo wiki nzima. Siku ya pili utakasirika. Ikifika ya tano utaanza kujua usimame wapi kabla hujainua kamera. Tena ile 18-55 ni nyepesi, kama gramu 200 hivi, na mchana inatosha kabisa. Utakapoanza kukwama usiku na ndani ya nyumba, hapo ndipo ununue.

Ukinunua ya mtumba, na wengi wetu tunanunua mtumba, usiangalie nje tu. Toa lenzi kwenye kamera, washa tochi ya simu, ipitishe upande wa nyuma na uchungulie mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, ugonjwa mkubwa wa lenzi zilizokaa pwani kwenye unyevu. Iache hata ukipunguziwa bei. Hakikisha pia lenzi inaendana na kamera yako: EF-S za Canon hazikai kwenye zile kamera zao kubwa za kioo zenye sensa ya ukubwa wa filamu. Kwa Nikon ndogo kama D3000 na D5000 na ndugu zake, tafuta herufi AF-S, kwa maana lenzi za zamani zilizoandikwa AF peke yake zitakaa vizuri lakini fokasi utaitafuta kwa mkono. Ukifika nyumbani, vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye begi la kamera.

Na jambo moja lisilohusu lenzi: kambi za jeshi na maeneo mengine ya ulinzi hayapigwi picha, iwe kwa mm 24 au 400. Mwenye lenzi ndefu karibu na maeneo hayo atahojiwa kwanza.

Msimamo wangu ndio huo. Lenzi inayofaa kila kitu haipo, kwa sababu kila lenzi inakupa kitu na kukunyima kingine. Zumu ndefu inakupa vya mbali na kukunyima usiku, nafasi na mazungumzo. Lenzi fupi inakunyima simba na kukupa bibi yako, akiwa jikoni kwake, akijua kabisa kwamba unampiga picha na akiwa amekubali. Kama ningeambiwa nichague kimoja cha kubaki nacho baada ya miaka ishirini, simba wapo kwenye kalenda za kila mwaka.

Anayebisha aandike toleo lijalo, jarida ni letu sote. Ila aandike akisharudi likizo, na aje na picha.